Mapambo ya Krismasi Huanza Oktoba

Mimi ni fundi cherehani, kazi yangu naifanyia barazani kwangu, Majengo hapa Moshi. Kwa fundi wa nguo Desemba ndiyo mavuno, na ndiyo mwezi wa kukosa usingizi: sare za kwaya, magauni ya kipaimara, mashati ya kitenge ya akina baba wanaotaka kufanana na wake zao kanisani. Kwa hiyo mtu akisema mapambo ya kujitengenezea nyumbani ni ya watu wasio na shughuli, namwonyesha sugu la mkasi kwenye kidole gumba changu. Kwetu tunayatengeneza kila mwaka, tena ya miti miwili, na yanawezekana kwa sababu moja: ikifika Desemba kazi kubwa imeshaisha.

Miti ni miwili kwa kuwa sikukuu yetu iko sehemu mbili. Mmoja ni wa sebuleni kwangu, mdogo. Mwingine uko kijijini Uru kwa mama mkwe, ambako ukoo mzima hukusanyika, na huo ni tawi la saipresi linalogusa dari. Anayeujua mkoa huu anajua Desemba ilivyo. Walioko Dar wanapanda kupitia Same na Mwanga kwa mabasi na magari yao, nauli zinapaa, na nyumba zilizofungwa mwaka mzima zinafunguliwa madirisha. Mti wa Uru unatazamwa na watu wengi, na watu hao wana midomo. Kuujaza kwa vitu vya dukani ni bei ya mbuzi.

Vya dukani sina ugomvi navyo. Kuanzia Novemba vinaning'inia Double Road na Mbuyuni, mipira inayong'aa na nyuzi za kumetameta, na sehemu kubwa imetoka Yiwu, ule mji wa China ambao wafanyabiashara wetu wameuzoea sawa na Kariakoo. Siku ya kwanza vinapendeza. Mwaka wa pili mpira umebonyea, rangi imebanduka, na zile nyuzi zinapukutika mpaka kwenye sahani ya pilau. Halafu kuna ile pamba ya duka la dawa ambayo watu huichambua na kuitandaza juu ya matawi iwe theluji. Wanangu nao waliitaka. Bibi yao aliwatoa nje asubuhi mawingu yalipokuwa yamefunguka, akawaonyesha Kibo, kilele cha Kilimanjaro. "Theluji ile pale, mita 5,895. Ndani hatuihitaji." Pamba ikabaki ya vidonda.

Kitu cha kwanza tunachotafuta ni maganda makavu ya mgomba. Mgomba hauna ubao ndani. Lile shina lote ni maganda yaliyokumbatiana, na yale ya nje hujikaukia yenyewe yakining'inia wakati mgomba bado umesimama. Hayo ndiyo ya kuchukua. Yaliyokwisha kuanguka yana ukungu na madoa, na ukiyakunja yanakatika. Mama mkwe huyavua mwanzoni mwa Oktoba kabla vuli haijashika, kwa sababu yakinyeshewa mfululizo yanapoteza rangi na kuanza kunuka. Anayafunga mizigomizigo na kuyapandisha darini juu ya jiko la kuni, moshi unawafukuza wadudu. Kwake si ufundi wa Krismasi huo. Kabla kamba za plastiki hazijajaa madukani, kamba ya mgomba ndiyo iliyofunga mzigo wa majani ya ng'ombe, na maganda yayo hayo ndiyo yaliyoviringwa kuwa ngata chini ya mzigo huo kichwani. Sisi tumeazima tu.

Ganda moja lina rangi kadhaa, kuanzia ya maziwa hadi ya kahawa iliyokaangwa, na upande wake wa ndani una mng'ao ambao hakuna vanishi inayoupata. Tunaufanya huo uwe ndio wa kuonekana. Kabla ya kulichana unalipangusa kwa kitambaa kibichi na kuliacha lilainike kidogo. Kavu linapasuka, na lililoloweshwa kwenye beseni linavimba na likikauka linajikunja ovyo. Nyota tunaikata kwanza kwa kadibodi ya boksi la sabuni, kisha tunaizungushia vipande vyembamba vya ganda, upana wa kidole cha mtoto, ncha zote zikiishia nyuma. Inalala usiku kucha chini ya tofali lililofungwa gazeti. Mpira ni rahisi zaidi: gazeti linafinyangwa, linafungwa uzi likaze, linazungushiwa vipande kila upande mpaka maandishi yasionekane. Mama mkwe anachana kwa ukucha, vipande vinatoka sawasawa kama vimepigiwa rula. Mimi wa mjini natumia wembe na bado vinapinda.

Gundi ni uji. Kijiko kimoja kikubwa cha unga wa ngano kwenye kikombe cha maji, koroga kwenye moto mdogo mpaka uwe mzito na uonekane kama una kioo ndani, tia kijiko kidogo cha siki ili usiote ukungu haraka. Pakaza nyembamba. Watoto hupenda kuupaka kwa wingi, na uji mwingi ndio unaowaita mende. Kukiwa na unyevu mwingi tunanunua gundi nyeupe ya maseremala, kopo dogo, na pamoja na vanishi hiyo ndiyo karibu hela yote inayotutoka.

Sasa gunia la vipande. Kila fundi analo, na kila mteja analishuku, kwa sababu mafundi tuna sifa yetu ya kubaki na vitambaa vya watu. Mimi nilijiwekea utaratibu: kipande cha mteja ni cha mteja. Akija kuchukua gauni namuuliza, "Mama, vipande vyako nikufungie, au nikushonee pambo la mti?" Wengi wanacheka, wanachagua pambo. Linaingia kwenye mfuko pamoja na gauni na sitozi kitu, maana linachukua muda mfupi kuliko kutengua zipu. Wateja hao hurudi. Vipande wanavyoniachia kwa ridhaa yao ndivyo vinavyojaza gunia letu.

Si kila kitambaa kinafaa. Kitenge cha pamba ndicho bora, tena kikiwa bado na ule ugumu wa dukani kabla ya kufuliwa, kinashika umbo na kinatii pasi. Satini inachomoka nyuzi kabla hujamaliza mshono. Kitambaa cha kuvutika kinakupa ndege mwenye tumbo la mimba. Tunakata pande mbili kwa kutumia kiolezo cha kadibodi, tunashona ndani nje kwa mshono mfupi, nusu sentimita kutoka ukingoni, tunaacha uwazi wa vidole viwili. Kwenye mizunguko lazima ukate vijimkato hadi karibu na mshono, la sivyo ukigeuza inakunjamana. Kugeuza ni kwa penseli butu. Kujaza ni kwa vile vipande vidogo kabisa visivyofaa kitu, na hapo gunia linakwisha hadi vumbi. Nyota ya kitambaa yenye ncha tano sipendekezi kwa anayeanza, ncha zile zinageuka kwa machozi. Moyo, samaki na ndege ni vyepesi. Wanangu waliamua wenyewe kushona mbuzi na kuku, kwa hoja kwamba bila hao hakuna Krismasi, na sikuona pa kuwapinga.

Ambalo sikulitegemea ni jinsi vitambaa hivyo vinavyowashughulisha wageni. Mwaka wa kwanza nilijiandaa kwa maneno ya wifi zangu. Badala yake walikuwa wameuzunguka mti wanatafuta nguo zao. "Hii si sare ya harusi ya shemeji?" "Na hii ya kipaimara cha mdogo wako, ile iliyochuja!" Ukoo wetu unashona sare kwa kila jambo, na vipande vyote vimepitia kwangu, kwa hiyo mti ule umekuwa kumbukumbu ya sherehe kuliko albamu ya picha, na ubishi wa nani alivaa nini hudumu mpaka ndizi ziive jikoni.

Ingawa si wote waliofurahi. Mgeni mmoja aliyekuja na watu wa Dar aliutazama akasema ni mti wa kishamba. Wa kishamba kweli, maganda yametoka kihambani, yaani shamba la migomba la nyumbani. Ila nilikuwa nimeshasoma habari zake kidogo, nikamwambia kwamba moja ya maelezo ya zamani kabisa ya mti wa Krismasi uliopambwa, ya mwaka 1605 huko Strasbourg, yanataja mawaridi ya karatasi, matufaha, vibiskuti vyembamba na vitu vitamu. Vitu vya jikoni na vya mkasi. Mipira ya vioo ilikuja baadaye sana, ikapata umaarufu katika karne ya 19 kutoka kwa wapuliza vioo wa Lauscha, Ujerumani. Sijui kama alishawishika. Alikula vizuri.

Na unga wa chumvi, ambao watu wengi huanza nao kwa sababu ni wa haraka, una maneno yake. Vikombe viwili vya unga wa ngano, kimoja cha chumvi laini, maji karibu kikombe, unayatia kidogokidogo. Chumvi ya mawe itwange kwanza, vinginevyo uso wa pambo unakuwa na chunusi. Unakandwa kuliko wa chapati, unasukumwa kwa chupa hadi unene wa nusu sentimita, unakatwa kwa bilauri au kifuniko, na tundu la uzi linatobolewa kwa mrija hapohapo ukiwa mbichi. Sisi tunakausha juani kwenye ungo, tunageuza mara kwa mara, jioni unaingia ndani kwa sababu ya umande. Mwenye oveni aiweke joto la chini kabisa. Moto mkali unauumua kwa mapovu ingawa haukutiwa hamira. Yakikauka ni magumu, ukiyagonga yanalia. Kabla ya kupaka vanishi hakikisha yamekauka hadi katikati, kisha paka pande zote mbili na ndani ya tundu.

Vanishi si urembo. Chumvi hunyonya unyevu wa hewani. Hapa mjini Moshi, Desemba ikiwa kavu, pambo lisilopakwa linaweza kumaliza sikukuu likiwa zima. Wifi yangu alichukua machache yasiyopakwa akaenda kuyatundika kwake Dar, na kwa hewa ile ya pwani yalitoka jasho, yakalainika, moja likakatika kwenye uzi likaanguka kwenye kapeti. Na mwenye mbwa ayatundike juu: chumvi nyingi kiasi hicho ni sumu kwa mbwa.

Mama mkwe hakuupenda mchezo huo tangu mwanzo, wala hakuzungumzia unyevu. "Mnachezea unga wa ngano?" Yeye ni wa kizazi kilichopanga foleni mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati unga, sukari na sabuni vilikuwa adimu na mtu anaamka alfajiri kuwahi duka la ushirika bila uhakika wa kupata. Mwanangu mkubwa alianza kumweleza kwamba unga siku hizi upo tele, nikamkanyaga mguu. Tulifika mahali pa kuelewana: unaotumika ni ule ulioingia wadudu tu, ambao usingeliwa. Mwaka ambao hakuna unga wa namna hiyo, hakuna mapambo ya namna hiyo. Sijaona hasara yoyote.

Badala yake tuna kokwa za parachichi, na hizi kwangu ndizo tamu kuliko vyote. Parachichi huku si kitu cha kununua, linaanguka, na kokwa yake hutupwa. Ikiwa mbichi kisu cha kumenyea vitunguu kinaichonga kama sabuni. Toa ganda lake la kahawia, ipasue kwa urefu, chonga mistari isiyo ya kina: jani, msalaba, uso wa kondoo kwa mwenye mkono. Muda si mrefu ule weupe unageuka rangi ya machungwa, halafu wekundu wa matofali, na mistari inaonekana zaidi ya ulivyoichonga. Tundu litobolewe siku hiyohiyo kwa msumari mwembamba. Ikikauka haitoboki bila kupasuka. Kukausha ni kivulini, polepole, wiki mbili au zaidi. Juani inapasuka katikati. Inasinyaa kiasi, kwa hiyo chonga kwa ukubwa. Mwisho isugue kwa msasa laini na tone la mafuta ya alizeti. Ya miaka iliyopita bado tunayo, ngumu kama vifungo vya koti la baridi, na mtu asiyeambiwa hudhani ni mti wa thamani.

Machungwa ya kukausha yapo kwenye picha nyingi za mapambo ya kienyeji, na yanapendeza, lakini kwa jiko la mkaa yanataka subira: vipande vyembamba, juu ya majivu yenye joto baada ya chakula cha jioni, kila siku, mpaka viwe vikavu kabisa. Vikibaki na ulaini, sisimizi wanapanda mti kwa mstari. Chungwa zima lililochomwa karafuu ni jambo jepesi na linanukisha sebule nzima. Karafuu za kununua kwa kipimo Mbuyuni zinatosha. Maganda ya mbegu za jakaranda hayataki kazi yoyote. Ni bapa, ya mviringo, yamekauka yenyewe, na miti ikichanua zambarau hapa mjini na kule Arusha, maganda ya msimu uliopita bado yako juu na chini ya mti. Watoto huyaokota wakitoka shule. Uzi wa katani, basi.

Majilio ya mwaka juzi usharika wetu ulihitaji shada la mishumaa minne, na lile la plastiki lilikuwa limechoka. Nikachukua ringi ya baiskeli mbovu kutoka kwa fundi wa jirani, nikaiviringishia kamba ya katani mpaka chuma kikapotea, nikachomeka saipresi. Kuna waliosema ringi ya baiskeli haifai kanisani. Mchungaji ndiye aliyenitetea: shada hilo mwanzo wake huelezwa kuwa ni gurudumu kuukuu la mkokoteni, ambalo Johann Hinrich Wichern alilitundikia mishumaa mwaka 1839 huko Hamburg, kwenye makao ya watoto maskini waliokuwa wakimuuliza kila siku Krismasi ni lini. Baada ya hapo ringi ilisifiwa hata na waliosema haifai.

Nilitaka pia kulizungushia majani ya isale, maana yana kijani kizuri na hayanyauki upesi. Mama mkwe akakataa. Isale kwetu ni jani la kuombea msamaha na la kuwekea mpaka, liko hata kwenye makaburi, halipambi. Aliruhusu moja tu, mlangoni kwake Uru, kwa sababu Krismasi ndiyo wakati ndugu waliokosana wanaingia nyumba moja, na hilo, alisema, ni kazi yake halali.

Kila kitu nilichokitaja hapa kinawaka, saipresi iliyokatwa ikiwa mbele. Tawi tunalisimamisha kwenye ndoo ya mchanga uliolowa na mawe, tunalinyweshea, na bado baada ya wiki moja na kitu linaanza kukauka. Mishumaa inakaa mezani, mbali. Kwenye mti ni taa ndogo za betri, ambazo nakiri ni za Yiwu.

Sikukuu ikipita, Januari mwanzoni, ya kitambaa yanaingia kwenye bati la biskuti pamoja na karafuu zilizobaki, ya mgomba yanarudi darini kwa bibi, na yaliyochakaa anapewa ng'ombe ayakanyage. Majirani wawili watatu wameniomba niwauzie. Nilipiga hesabu ya nyota moja kwa muda wangu wa cherehani, bei ikawa ya kuchekesha. Kwa bei wanayoitaka wao, ningekuwa nawalipa mimi. Kwa hiyo siuzi, nabadilishana. Mama wa nyumba ya tatu analeta mayai, napeleka ndege. Mwenye duka la vifaa vya cherehani anataka kondoo wa kokwa kumi na wawili wa mwaka huu, na mimi nimemwambia aniandalie boksi la vifungo visivyo na wenzao. Kokwa zenyewe nimeshaanza kuzikusanya.